Rabi Aliniambia Nina Nchi

Yule rabi nilimpenda kabla hajanivunja moyo. Nasema hivyo mwanzoni ili nisionekane kama mtu aliyemchukia tangu zamani.

Nilikulia kambini Kenya, mtoto wa wakimbizi kutoka Sudan Kusini. Nilipomaliza shule, mwanamke mmoja aliniahidi kazi ya nyumbani Kairo. Kazi haikuwepo. Niliuzwa kwa watu wa jangwani Sinai, wakanifunga mikono kwa mnyororo na kuwapigia ndugu zangu simu ili wasikie nikilia. Wajomba zangu waliuza ng'ombe, nikaachiliwa karibu na mpaka wa Israeli, nikavuka kwa miguu.

Tel Aviv nilipata kazi ya kusafisha sinagogi dogo. Rabi wake alikuwa mzee mwembamba aliyependa kuuliza maswali. Siku moja aliona alama kwenye vifundo vya mikono yangu nikikamua tambara.

"Nani alikufunga?" aliuliza.

Nilimweleza yote, kwa Kiebrania changu cha kuokoteza. Alikaa kwenye benchi, akafunika uso kwa viganja.

"Kwetu," aliniambia alipotulia, "jamii isipokuwa na kitu kingine, inaruhusiwa kuuza hata gombo la Torati ili kumkomboa mateka. Hakuna amri inayoizidi hiyo."

Alinipeleka kwenye kikao cha marabi wenzake, nikasimulia tena. Mmoja wao alisema jambo hilo ni la kusikitisha, ila wauzaji si Wayahudi. Rabi wangu akasimama. "Na wanawake wanaonunuliwa mjini humu, wateja wao ni nani? Baadhi yao wanakaa kwenye mabenchi yetu siku ya Sabato. Tukinyamaza, sisi viongozi wa dini tunashiriki." Siku hiyo niliona nimepata baba.

Sudan Kusini ilipopata uhuru tulicheza barabarani, sisi wote wa huko, tukajifunga bendera mabegani. Haikupita muda mrefu, serikali ya Israeli ikatangaza kwamba kwa kuwa sasa tuna nchi yetu, turudi. Nilikimbilia kwa rabi. Nilikuwa nimetoa ushahidi polisi dhidi ya dalali wa Kairo aliyeniuza, na jamaa zake walikuwa wanakwenda Juba na kurudi kibiashara. Nilitaka aandike barua, au aseme Sabato moja tu mbele ya watu kwamba aliyeuzwa harudishwi hivihivi.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, kwa upole, na ule upole ndio uliniumiza: "Binti yangu, una nchi sasa. Watu wangu waliisubiri nchi kwa muda mrefu sana. Mateka akirudi nyumbani, si ndiyo amekombolewa?"

"Rabi, mimi sijawahi kuishi Juba hata siku moja."

"Utaizoea."

Baadaye nilisikia kwamba wazee wa sinagogi walikuwa wamemwonya asijiingize kwenye mambo ya serikali. Yeye hakuniambia hilo. Alininunulia sanduku jipya la magurudumu, akalileta mwenyewe mpaka mlangoni kwangu.

Nilipofikishwa Juba nilipanga chumba mtaa wa Hai Malakal, nikaanza kuuza chai mtaa wa Buluk. Kiarabu cha Juba sikukijua. Wateja walinicheka, wakaniita Mkenya. Jirani yangu alikuwa Mganda muuza chapati, mama wa makamo, na Kiswahili chetu ndicho kilichotuunganisha. Kila mwanamume aliyeniangalia mara mbili nilidhani ametumwa na dalali. Huyo mama ndiye aliyezoea kuniambia, "Huyo anataka chai tu, dada. Mpe chai."

Vita vilipozuka tulisikia mizinga asubuhi kutoka upande wa kambi za jeshi. Watu walikuwa wanaulizwa kabila barabarani. Mimi nilisimama uani kama mti.

"Wewe ingia ndani!" Mganda akanivuta. "Mimi iko na unga, mimi iko na maji. Tutakaa."

Tulikaa siku tatu chini ya kitanda chake. Siku ya nne simu iliita. Alikuwa rabi.

"Tumesikia habari. Tunawaombea."

Sauti yake ilinifanya nilie, nikakasirika kwa kulia kwangu. Akaendelea kunieleza kwamba marabi wamekubali mwishowe kuhubiri dhidi ya biashara ya binadamu, na kwamba yeye alikuwa ametumia kisa changu. "Watu waliguswa sana," alisema.

"Uliwaambia niko wapi?"

"Nilisema umerudi nyumbani, uko salama."

Risasi zililia mtaa wa pili. Nikanyoosha simu mlangoni ili azisikie.

"Rabi, Sabato ijayo waambie ukweli. Waambie nilikuomba useme, ukaninunulia sanduku."

"Si rahisi," alisema. "Wataacha kunisikiliza, na wale ambao bado wamefungwa watakosa wa kuwasemea."

"Basi hata mimi ulinitoa sadaka ili uendelee kusikilizwa."

Nilikata simu.

Mganda hakuelewa Kiebrania, lakini aliuelewa uso wangu. "Ni ndugu yako?" aliuliza. Nikasema hapana. Wiki hiyo alipata nafasi kwenye lori la kwenda Nimule, mpakani na Uganda, akaniita twende pamoja. Nilikataa, nilikuwa nimechoka kuhamishwa. Aliniachia unga uliobaki na karai lake.

Miezi mingi baadaye rabi alituma ujumbe. Alikuwa amewaambia watu wake ukweli. Watu kadhaa walihama sinagogi. Aliniomba msamaha bila kujitetea. Niliusoma nikiwa nimesimama kwenye foleni ya gari la maji, nikausoma tena. Alichofundisha kuhusu mateka bado nakiamini kuliko mambo mengi niliyofundishwa kanisani. Lakini msamaha sikuwa nao siku hiyo, na sikutaka kumdanganya. Zamu yangu ilifika, nikatia simu mfukoni nikainua mtungi.