Njia ya Kupitia Lambo la Shangazi

Leo nina malori matatu na nyumba ya bati, na vyote nimevitafuta kwa mikono hii. Shule nilisoma miaka miwili tu, tena nusu ya ule wa pili nilikuwa machungani. Lakini waulize watu wa Shinyanga wa enzi zile za Mwingereza, nani aliwaendesha wageni wa baraza la mataifa. Ni mimi.

Nyuma ya boma palikuwa na ofisi ya chumba kimoja, kazi yake kuunganisha serikali na mabaraza ya dunia. Barua za watu zilipitia hapo kwenda ng'ambo, majibu yakarudia hapo hapo, na wageni walipokuja kutazama tunavyotawaliwa, ofisi hiyo ndiyo iliyopanga waonane na nani, kwa dakika ngapi. Aliyeishika alikuwa karani kutoka pwani, mwembamba, mpole, saa yake haitoki mkononi. Nilimpenda yule mtu. Hakunicheka kwa kutojua kusoma ratiba. Alinisomea kila asubuhi, mara mbili.

Katika safari ya Geita, alimpa shangazi yangu dakika kumi za kusema na wageni. Kampuni moja ndogo ya dhahabu, siku hizi haipo, ilikuwa imelizungushia uzio lambo la kijiji chake, na kiangazi kile ng'ombe wake walikuwa wakianguka njiani kwenda kutafuta maji mbali. Kijiji kilimchagua yeye aseme. Nami nikajigamba kwa karani kwamba kwa kusema, shangazi hana mpinzani.

Nilisahau kitu kimoja. Kwetu, ukianza na shida yako kabla hujamjulia mgeni hali, umemtukana. Shangazi alipiga magoti, akasema mwangaluka kwa mgeni wa kwanza, akamuuliza alivyoamka, watoto wake, ng'ombe wake, mvua ya kwao. Akamgeukia wa pili. Mimi nageuza Kisukuma kuwa Kiswahili, karani anageuza kuwa Kiingereza, na majibu yanarudi kwa njia ile ile. Wageni walikuwa wanne. Alipomalizana na wa nne, dakika kumi zilikuwa zimekwisha na bwana shauri, Mzungu wa serikali aliyetufuata kwa gari lake, ameshasimama. Shangazi akabaki pale chini, ananitazama. Lambo hata hajalitaja.

Karani alikwisha kuonywa kwamba akivuruga ratiba atarudishwa kwao. Akaitazama saa, akaitia mfukoni.

"Dereva, njia ya kutokea hapa unaijua?"

Nilizaliwa nyumba ya tatu kutoka pale, naye alijua.

"Siijui, bwana karani. Labda mama huyu atuonyeshe."

Shangazi akapanda mbele, katikati yetu. Nikaufuata uzio kwa gia ya kwanza, taratibu kama nimebeba mayai, bwana shauri nyuma yetu anapiga honi ndani ya vumbi. Shangazi akasema yote, akionyesha maji kwa kidole, na wageni wakaandika.

Jibu la baraza lilikuja baada ya miezi kadhaa. Karani angeweza kumtuma tarishi, lakini alikuja mwenyewe, akanisomea njiani: uzio utafunguliwa. Tulipofika, nikasubiri aitoe barua. Wapi! Alichuchumaa, akampa shangazi shikamoo, kisha akauliza watoto, majirani, shamba, na ng'ombe mmoja mmoja kwa rangi yake. Mimi natokwa jasho.

Shangazi alijibu yote bila haraka, akajiweka sawa kwenye kigoda.

"Haya, baba. Sasa sema kilichokuleta."