Kipande cha Mti Chini ya Kiti cha Kabaso

Mume wangu Kabaso, Bwana amweke pema, aliendesha lori la kubeba mawe katika shimo la mgodi wa shaba hapa Chingola. Lori lile nililionea wivu. Alilifuta vioo kwa leso yake ya kanisani, na gauni langu jipya la Pasaka hakuliona mpaka nilipomwonyesha.

Naye alikuwa na wivu wake. Shifti ya pili lori lilikuwa la Lombe, mtu wa miraba minne. Kiti cha lori lile kina springi, na kila dereva huikaza kwa uzito wake. Kabaso akipanda, anakuta kiti kimekazwa kwa Lombe.

"Amekaa kama yuko kwake," alinung'unika, ubwali, ugali wetu, ukipoa mbele yake.

Akachonga kipande cha mti, akakipachika chini ya kiti ili kiti kisipande wala kisishuke. Lombe kila shifti yake alikichomoa, Kabaso alikirudisha.

"Bashi Kasonde," Lombe alimwita kwa jina la mwanetu, "hili lori umelitolea mahari?"

"Wewe lako liko wapi?"

"Ndilo hilohilo, shemeji yangu."

Mvua zikachimba njia za shimoni, na kiuno cha Kabaso kikaanza kuuma. Nilimkanda, nikamsalia rozari. Ilipofika asubuhi ambayo hakuweza kufunga viatu, nikampeleka zahanati.

"Kiti chako kinanesa?" tabibu aliuliza.

Nikajibu mimi kwa heshima ya kwetu, "Amekipigia kabari, mukwai."

"Mzee, jiwe linapiga gurudumu, gurudumu linapiga kiti, kiti kinakupiga wewe. Kutikiswa mwili mzima, miaka yote hii, kunaweza kuchangia maumivu haya. Siapi kwamba ni hilo tu. Lakini toa hiyo kabari, au shuka kwenye lori."

"Nikiitoa, Lombe atastarehe."

"Na wewe je?"

Kabaso akafikiri. "Heri nishuke."

Akashuka kweli. Wakampa kazi ya stoo, na kiuno kikapoa nusu. Nikadhani sasa nimempata. Lakini Lombe akipita, Kabaso huacha watu dirishani, hutoka nje: "Wewe, taratibu kwenye mashimo. Unaliumiza."

Homa ilimchukua kabla ya Kwaresima. Lombe alikuja msibani, akaketi karibu na jeneza, akalia kwa sauti kuliko ndugu wa Kabaso wa tumbo moja. Wanawake wakamletea maji, wakampa pole ya kwanza, kabla yangu mimi.

Mimi nilimtazama tu. Hata msiba wangu alitaka tuugawane.