Serikali Haina Mkwe

Siku trekta ilipofika shambani, hapo nje ya Kitale, wafanyakazi waliipigia makofi. Wekoye naye alipiga, maskini wa Mungu, mpaka viganja vikamwasha. Yeye alikuwa mwendesha maksai. Aliwaita ng'ombe kwa majina nao wakageuka bila kuonjeshwa kiboko, na kwa ujinga wake alidhani trekta imekuja kuwapumzisha.

"Wewe nakwenda," mzungu alimwambia wiki iliyofuata. "Trekta hapana kula posho. Kazi kwisha."

Ilikwisha kweli. Kibanda alichokaa kilibaki kwa mzungu, na shamba dogo la mahindi aliloruhusiwa kulima likabaki vilevile, mahindi yakiwa yameanza kubeba. Miaka ile, baada ya vita vya Hitla, Kitale ilijaa wanaume waliotafuta kazi. Wekoye aliuliza kwenye maduka ya Wahindi, akauliza stesheni ya reli na kwenye mashine ya kusaga unga. Kila mahali aliambiwa arudi kesho, na kesho yake akaambiwa vivyo hivyo. Mwishowe alimchukua mkewe, Nakhungu, na watoto, akarudi kwao Kabuchai, ambako ndugu zake walikuwa wamekwisha kugawana ardhi ya baba yao na kusahau kwamba kulikuwa na mwingine.

Aliyewalisha alikuwa mama mkwe wake, Rispah, mjane aliyekaa ng'ambo ya mto. Kila Nakhungu alipokwenda kumwamkia mama yake, alirudi na kikapu cha unga, na siku nyingine samaki mkavu juu yake. Unga ule ulitoka wapi? Rispah alipika chang'aa, ile pombe kali iliyokatazwa na serikali. Mji mzima ulijua, na Wekoye alijua kuliko mji mzima. Alikula, akanawa mikono, akanyamaza.

Halafu mjomba wake Jotham, mzee wa kanisa, akamsemea kwa chifu, na Wekoye akapata kazi ya askari kanga, yaani askari wa chifu. Alipewa kaptula ya kaki, kofia na rungu.

"Shika hiyo kazi kwa mikono miwili," Jotham alimwambia. "Mzungu wa shamba anaweza kuamka akufukuze. Serikali haiamki hivyo."

Basi ungeona! Waliokuwa wakimwona wakageuza njia sasa walimwita kutoka mbali. Ndugu zake walikumbuka ghafla kipande cha ardhi kando ya kijito. Nakhungu alikuwa akiilaza ile kaptula chini ya mkeka ili inyooke, na asubuhi watoto wakaishika kama nguo ya kwenda kanisani. Wekoye alijiapia kwamba hataitwa tena mtu asiye na kazi. Kiapo kibaya hicho.

Haukupita muda, chifu akawaita askari wake wawili, Wekoye na Mukhisa.

"DC amechoka na chang'aa ya lokesheni hii," alisema. "Leo tunaanza na yule mjane wa ng'ambo, Rispah. Wekoye, wewe ndiwe utaingia."

Wekoye alidhani anataniwa. Kwa Wabukusu, mtu na mama mkwe wake hutunziana heshima kwa kukaa mbali. Wakikutana njiani, mwanamume huingia majanini akainamisha macho mpaka mama apite. Hawapeani mikono. Wakiwa na neno la kuambiana, hulipitisha kwa mtu mwingine. Na kuingia katika nyumba anamolala, hilo hata mlevi hafanyi.

"Chifu, yule ni mama mkwe wangu," alisema.

"Ati mama mkwe? Si ulisema unataka kazi ya serikali? Serikali haina mkwe, bana. Kama huwezi, vua hiyo kaptula uiache hapa. Wanaoitaka ni wengi."

Mukhisa, ambaye hakuwa mtu mbaya, alijitolea kuingia yeye, Wekoye alinde mlango. Chifu akakataa. Alitaka watu waone kwamba askari wake hawana mtu wa kumhurumia, na kwa jambo hilo mkwe alifaa kuliko yeyote.

Wahenga walisema mwenye njaa hana miiko. Mimi siku hiyo siwapi wahenga haki yao, maana Wekoye hakuwa na njaa. Alikuwa ameshiba. Alikuwa na mshahara na ardhi ya kando ya kijito. Angeweza kuivua ile kaptula palepale mbele ya chifu, akarudi nyumbani na shati lake refu, na hadithi ikaisha hapo. Alikumbuka Kitale, akafunga mkanda vizuri.

Rispah alikuwa jikoni ndani, akipepeta mtama. Aliposikia hatua aliinua kichwa, akamwona mkwewe mlangoni. Hakupiga kelele, wala hakukimbilia kuficha mtungi wa chang'aa. Alivuta leso yake haraka akajifunika uso mzima, kisha akageukia ukuta. Hata wakati huo alikuwa akimtunzia heshima yule aliyekuja kumkamata. Wekoye aliingia, akautoa mtungi uliokuwa nyuma ya magunia, akaubeba nje, na chifu akamsifu mbele ya watu waliokuwa wamejaa uani.

Rispah alihukumiwa kifungo. Shukrani ya punda ni mateke, watu walisema, wala hawakuteremsha sauti Wekoye alipopita.

Nakhungu hakumwacha. Aliondoka na watoto siku ileile, lakini akarudi. "Usifikiri nimerudi kwa ajili yako," alimwambia. "Mama ndiye ametuma neno kutoka ndani. Amesema watoto wasikose chakula." Akaingia jikoni, na tangu siku hiyo hakuilaza tena kaptula chini ya mkeka.

Wekoye alijua kwamba kosa la namna ile lina njia yake ya kuoshwa. Alinunua mbuzi, akamtuma Jotham kwa wakwe kuomba siku ya kutakaswa. Jibu likaja kwamba wangoje Rispah atoke, aseme mwenyewe.

Alisema siku ya soko, pale Chwele. Wekoye alikuwa akizunguka na Mukhisa kati ya wauza viazi, rungu kwapani, alipomwona anakuja, amekonda, nywele zimenyolewa. Mwili wake ulifanya ulichofundishwa tangu ujana. Akatoka njiani, akainama, akatazama viatu vyake, akangoja apite.

Rispah hakupita. Alimfuata hukohuko pembeni, akasimama mbele yake, akamtazama usoni wazi, kisha akanyoosha mkono.

"Habari ya kazi, askari?" alisema.

Wauza viazi waligeuka kutazama. Mkono ulikuwa palepale, haukushuka. Wekoye aliupokea, maana angefanya nini? Ulikuwa mkono mgumu, umechubuka kwa kuponda kokoto za gerezani.

"Mayo!" mwanamke mmoja aliguta. "Anamshika mkono mkwe wake?"

"Mkwe gani?" jirani yake alimjibu. "Unamwona mkwe hapo?"

Rispah akauachilia mkono, akaenda kuuliza bei ya chumvi.