Ukuta Ndani ya Mgongo wa Mukendi

Mukendi alikuwa mwashi wa chini ya ardhi. Katika mgodi mmoja wa karibu na Kolwezi alijenga kuta nene za kuziba njia zilizofurika, ili maji yasiwafikie waliokuwa wakichimba upande wa pili. Katikati ya mwaka 1959 boriti ilimwangukia mgongoni. Mungu alimwachia mikono, pumzi na akili. Lakini kuanzia kitovuni kushuka chini hakuhisi hata sindano.

Nyumba yao katika mtaa wa Kapata ilikuwa ya kampuni, nayo ilikuwa ya kukaliwa na mfanyakazi tu. Karani alimwambia mkewe, Ntumba, kwa sauti ya upole, kwamba mvua zikiisha kabla mumewe hajasimama, wangerudishwa kwao Kasai. Na kutoka Kasai, miezi ile, zilikuja habari za nyumba kuchomwa moto, majirani wakiwindana.

Basi miguu ya Mukendi iliporuka yenyewe chini ya blanketi, Ntumba alipiga magoti akashukuru, kisha akamwita Séraphin, muuguzi aliyekuja kumgeuza mgonjwa na kumsafisha vidonda. Séraphin aliitazama miguu ile wala hakutabasamu.

"Mama Ntumba, miguu iko naruka yenyewe. Kichwa haiko naituma."

"Itaituma kesho."

Séraphin akaketi, akawaeleza aliyofundishwa na daktari wake. Ndani ya uti wa mgongo, alisema, nyuzi za fahamu haziishi peke yake. Zina walezi, chembe ndogo ziitwazo glia, neno ambalo kwa Wayunani wa kale lilimaanisha gundi. Huzilisha nyuzi, huzifunika, huzishika mahali pake. Uti ukijeruhiwa, walezi hao huvimba, hukusanyika na kujenga kovu. Uzi uliokatika hujaribu kuota tena. Ukifika kwenye kovu, husimama.

"Ni kama ukuta," alimaliza, akidhani amewafariji.

Kabongo, kaka yake Ntumba, mtoboa miamba, alicheka mlangoni. "Ukuta? Mi nabomoa ukuta kila siku, na bado mukubwa wa kazi ananiita mvivu."

Kwao mahali palipokufa ganzi huchanjwa kwa wembe na kupakwa dawa. Mukendi alikuwa amekwisha kuchanjwa bila faida. Sasa Kabongo aliamini kwamba wembe haukufika ndani vya kutosha. Jumapili, baada ya misa, alirudi na wembe mpya na majivu ya mizizi. Mukendi, akiwa amelala kifudifudi, alisikia wembe ukitolewa katika karatasi yake. Ntumba alikuwa amemkubalia kaka yake. Alimshika mumewe mabega.

"Ngojeni," alisema Mukendi. "Mwiteni kwanza Séraphin."

Muuguzi aliingia, akauona wembe, na Mukendi akamwuliza kwa heshima, akiwa bado kifudifudi:

"Tata Séraphin, nyuma ya ule ukuta kuna nini?"

Séraphin alijibu akiutazama wembe. "Kuna kidonda. Hao walezi wamekizungushia. Bila wao, uharibifu ungepanda. Ungefika kwenye kifua, kwenye mikono."

Mukendi alifumba macho. Wote katika nyumba ile walijua kazi yake ilikuwa nini.

"Shemeki," akamwambia shemeji yake Kabongo, "ukikuta ukuta wangu chini kule, utajuaje maji imefika wapi?"

"Nitagonga na nyundo. Nitasikiliza."

"Na huu, utaugonga wapi?"

Kabongo aliutazama mgongo ule uliokonda. Kisha akaukunja wembe ndani ya karatasi yake, akatoka nje bila mzaha.

Mvua zikaisha. Mukendi hakusimama, na karani akaja kuchukua ufunguo. Walipelekwa stesheni. Kabongo ndiye aliyembeba shemeji yake mgongoni, akamlaza ndani ya behewa la mbao, miguu ikiwa imegusa ukuta wa behewa. Treni ilishika njia ya Tenke, kuelekea Kasai.

Siku ya pili, walipokaribia kwao, miguu ikaanza tena. Visigino vilipiga mbao, vikatulia, vikapiga. Ntumba alitaka kuisogeza.

"Iache," alisema Mukendi. Alikuwa ameinua kichwa, uso wake ukiwa wa mtu anayesikiliza ukuta wake mwenyewe ukigongwa, naye yuko upande wa maji, ambako hakuwahi kukaa. Dirishani, mbele sana, upande wa kwao, moshi ulikuwa umepanda juu ya majani, na hayakuwa majira ya kuchoma mashamba.