Ua Uliofunikwa Mabati

Saa sita mchana, siku ya themanini na tisa tangu mumewe afariki, umeme ulikatika Kamembe na Uwimbabazi akabaki gizani. Alikuwa akichambua maharage, watoto wakiwa shuleni. Nje pikipiki zilipiga honi, na muuza sambaza, dagaa wa ziwani, alikuwa akiita wateja. Watu wa huko nje walikuwa na jua jingi mpaka wakatafuta kivuli. Yeye alipapasa ukuta akielekea jikoni, na goti lake likagonga mfuko wa saruji.

Nyumba hiyo haikujengwa kuwa pango. Marehemu Nzabonimpa aliibana kati ya ukuta wa duka na ukuta wa kiwanda cha mikate, kwa hiyo madirisha yote, ya vyumba na ya jikoni, yalitazama ua wa katikati. Humo Uwimbabazi alianika nguo na muhogo, na alasiri walitandika mkeka, yeye na mumewe, wakanywa chai. Kisha Sultani, mdogo wake Nzabonimpa, mwenye duka la vifaa vya ujenzi karibu na soko, akaomba kuhifadhi saruji yake pale. Miezi mitatu tu. Wakafunika ua kwa mabati kutoka ukuta hadi ukuta, na miezi mitatu ikawa miaka miwili. Nzabonimpa hakujua kumkatalia ndugu yake. Alinunua balbu, akaitundika, mambo yakaisha.

Mumewe alipokuwa hai, Uwimbabazi aliweza kutoka. Alipokufa, eda ilikuja na miezi yake minne na siku kumi, na akaishika bila kugombana nayo. Alifundishwa tangu utotoni kwamba mjane hukaa nyumbani kwake, hajipambi, na wanaume wasio maharimu, wale wanaoweza kumwoa, hawaingii alipo. Hakuna aliyemfundisha kwamba jua la uani kwake ni haramu. Tatizo ni kwamba ua wake ulikuwa ghala la mtu.

Asubuhi, adhuhuri na alasiri Sultani alipiga hodi akiwa na wapagazi wawili. Uwimbabazi alijifungia chumbani, akafunga na dirisha, akangoja wabebe mifuko huku vumbi likipenya chini ya mlango mpaka kitandani. Ndani ya nyumba iliyomfunga alikuwa amepata chumba cha kumfunga zaidi. Na Sultani huyohuyo aliwauzia wenye hoteli za ziwani vigae vya baraza, taa za kuning'iniza na mabati yanayopitisha mwanga. Aliwaeleza kwa upole kwamba nyumba isiyopata hewa huwatia watu maradhi mifupani.

Siku ile ya giza, Sultani alipokuja alasiri, Uwimbabazi alizungumza naye kupitia mlango wa chumba.

"Shemeji, nataka kuondoa mabati ya ua."

Sultani alikohoa. "Kuyaondoa kwa nini?"

"Nakaa humu kama muhogo uliovundikwa."

"Vumilia. Zimebaki siku arobaini na moja."

"Eda ikiisha, mimi na watoto tutahamia wapi? Tutaendelea kulala humu humu."

"Na fundi je? Mwanamume apande juu ya nyumba ya mjane, atazame ndani? Watu watasema mke wa Nzabonimpa hajamaliza kulia, anakarabati nyumba."

Kila neno la Sultani lilivaa kanzu ya dini, na chini ya kanzu kulikuwa na mfuko wa saruji. Lakini Uwimbabazi alishindwa kusema hivyo. Nani mwingine angemtetea, kama si huyu huyu?

Jioni alimsimulia Larissa, jirani yake mwenye saluni, aliyemletea maziwa kila siku.

"Kwa hiyo shida yake ni fundi mwanaume tu?" aliuliza Larissa.

"Ndivyo alivyosema."

"Basi amejifunga mwenyewe. Iko fundi mwanamuke kule Nkanka, Emerance. Njo yeye aliezekaga nyumba ya mama yangu. Anapandaga paa kama paka, halafu anakutukana ukimushikia ngazi vibaya."

Emerance alifika kesho yake na suruali yenye madoa ya rangi na nyundo kiunoni. Aliwasha tochi ya simu, akaimulika mifuko, akamulika juu, akamgeukia mwenye nyumba.

"Mama, hii fasi ni ya batu ao ya bintu?"

"Palikuwa mahali pa watu, si pa vitu."

Emerance alipima ua kwa hatua. Kisha akaeleza: mabati yasitoke yote. Kando ya ukuta wa jikoni wataacha mabati yenye upana wa hatua mbili, hapo pawe baraza, pawekwe benchi. Mvua ikinyesha watakaa pakavu waitazame. Katikati pabaki wazi. Kuta zote zipakwe chokaa.

"Ukuta mweupe unatupa jua mpaka ndani ya chumba, Mama. Balbu mutawasha magaribi. Lakini tundu la kutolea maji liko nyuma ya hii simenti. Simenti itoke kwanza."

Uwimbabazi alimpigia Sultani simu. Alimpa mpaka kesho yake, Alhamisi, awe ameondoa saruji. Sultani alicheka, akasema watazungumza.

Alhamisi asubuhi alikuja kama kawaida, na wapagazi wake wawili, kuchukua mifuko kumi ya mteja. Alikuta mlango umefungwa. Juu ya nyumba Emerance alikuwa ameketi, miguu ikining'inia.

"Hodi, shemeji."

"Wapagazi wasiingie," alijibu Uwimbabazi nyuma ya mlango.

"Kwa nini?"

"Ni wanaume."

"Ah, hawa ni watu wangu. Siku zote wanaingia."

"Siku zote nimejificha chumbani kwangu ili waingie. Ulisema mwanamume asitazame ndani ya nyumba ya mjane, nami nimekubali kabisa. Na wewe si maharimu wangu. Baki hapo hapo."

Mbele ya saluni Larissa aliziba mdomo kwa taulo. Mpagazi mmoja alitazama viatu vyake.

"Na saruji yangu itatokaje?"

"Itabebwa na wanawake. Au ibaki, mvua iipate."

Sultani alitazama ng'ambo ya ziwa. Wingu jeusi lilikuwa limeshukia vilima vya Bukavu. Kisha akasikia msumari wa kwanza ukilia ukitoka kwenye mbao.

Mstari wa mwanga ulianguka uani, mwembamba, umejaa vumbi. Uwimbabazi alifunika macho. Ulipoanguka wa pili, aliona ukuta wake kwenye mwanga wa jua kwa mara ya kwanza baada ya miaka miwili: kulikuwa na alama za masizi, na msumari ambao mumewe alikuwa akitundikia kofia yake.

Larissa aliingia na wasichana wake wawili wa saluni, na mteja ambaye nusu ya kichwa ilikuwa imesukwa na nusu imesimama. Walibeba wawili wawili. Sultani aliipokea mifuko mlangoni, akawapa wapagazi, akajaa vumbi la saruji kuanzia kope hadi kiunoni.

"Haraka, mama zangu, mvua."

"Njo vile ungetuambia miaka mbili iliyopita," alisema Larissa.

Uwimbabazi alibeba pia, akiwa amejitanda mpaka usoni. Kila safari alifika kizingitini, akaachia upande wake wa mfuko, akageuka. Mfuko ulivuka, wasichana walivuka, vumbi lilivuka. Yeye alirudi ndani. Mifuko sabini ya saruji ilimaliza eda yake asubuhi moja. Yeye alibakiwa na siku thelathini na tisa.

Ua ulipobaki mtupu, Emerance alishuka, akachokonoa tundu la maji kwa fimbo mpaka likafunguka, akaketi barazani chini ya mabati yaliyobaki. Uwimbabazi alichukua kigoda. Hakukiweka barazani. Alikiweka katikati, chini ya pale palipokuwa wazi, akaketi akitazama juu. Mbingu ilikuwa na ukubwa wa mikeka minne, na rangi yake ilikuwa ya kijivu.

Tone la kwanza lilimpata mkononi. Mlangoni Sultani alikuwa bado anajipangusa.

"Shemeji," aliita, "mvua inaingia ndani."

"Naiona," alisema Uwimbabazi.