Maziwa ya Mama Kulwa Kwenye Damu Yangu

Mimi ni mtaalamu wa maabara hapa Ifakara, na kazi yangu naringa nayo. Tunachunguza mikroRNA, molekuli ndogo sana za kwenye damu zinazozima jeni, tuone kama zinahusika na kisukari pamoja na sonona. Washiriki niliwaonya waje hawajala, kwani mafuta ya chakula huvuruga kipimo. Nami nilijitolea damu, kama mfano wa mtu mwenye afya.

Alfajiri nilipitia Katindiuka kumchukua Mama Kulwa, mfugaji mwenye kisukari. Yeye hakugusa kitu, ila mimi mgeni nililetewa bakuli la maziwa mazito. Kwa Wasukuma, utayakataaje? Nikamaliza, nikaongezwa.

Baadaye tulitoa damu, nikaizungusha kwenye mashine. Mirija karibu yote ilionyesha majimaji ya njano angavu. Mmoja tu ulikuwa mweupe kama uji, kwa mafuta.

Nikatoka na mrija huo hadi washiriki walipokuwa wakinywa chai. "Kuna mtu kala! Namtaja sasa hivi!"

Nikasoma jina kwa sauti. Langu.

Mama Kulwa akasimama kwa majivuno. "Mnawaona ng'ombe wangu? Mpaka kwenye damu ya mtaalamu wamo!"