Dagaa Kwenye Tamasha la Jodari

Tamasha la jodari nililichukia kabla sijaliona. Nilimchukia pia mwanamke aliyenisimulia habari zake, na sioni haya kusema hivyo, maana tulisafisha ofisi pamoja kule Kista, pembezoni mwa Stockholm, kwa miaka sita na mdomo wake haukupumzika hata siku moja. Alikuwa Mfilipino, mfupi, mcheshi, na alitoka kwenye mji wa pwani ambao watu wake wanaishi kwa jodari. Mimi nasukuma mopu, yeye ananieleza jinsi samaki wanavyoshushwa bandarini alfajiri, kila mmoja mkubwa kama gunia la mahindi, amebebwa begani na mwanamume mmoja. Kila Septemba mji mzima unafunga barabara kumshangilia samaki huyo. Watoto wa shule wanavaa magamba na kucheza ngoma, na taya za jodari zinachomwa mitaani wiki nzima. Yeye na wenzake walifanya hivyo hivyo hapa Stockholm, kwenye ukumbi wa kukodi mtaa wa Tensta, siku moja tu, Jumamosi.

Nilimsikiliza huku roho inaniuma. Kwani mimi sikuzaliwa kwenye samaki? Nimezaliwa Rumonge, kando ya Ziwa Tanganyika, nikakulia ukimbizini Kigoma, na mama yangu alitulea kwa dagaa aliowaanika mchangani kwa mikono yake. Hakuna aliyefunga barabara kwa ajili yake. Na nyumbani kwangu, Tensta hapo hapo, ghorofa ya nne, dagaa walikuwa ugomvi.

Ugomvi wenyewe ulikuwa na binti yangu, mtoto wangu wa pekee. Alipofika darasa la nne alianza kuyafunga majaketi yake kwenye mfuko wa plastiki kila nilipoweka sufuria jikoni. "Det luktar, mamma," aliniambia kwa Kiswidi, yaani nyumba inanuka, na kwa Kiswahili hakunijibu hata nilipompigia kelele. Nikaanza kuwapika akiwa shuleni, madirisha yote wazi, hata Januari. Siku moja mwenzake wa darasa alibisha hodi ghafla, nikaitoa sufuria mbio kwenye roshani na kuifunika taulo, dagaa wakaganda kwenye theluji. Hayo yote niliyafanya kwa ajili yake. Mwishowe nikaacha kuwapika kabisa, na mfuko niliotumiwa kutoka Kigoma ukakaa kwenye friza, chini ya kuku.

Mwaka binti yangu alipotimiza miaka kumi na mitatu, Mfilipino yule aliniambia wamepungukiwa na wachezaji wa ngoma yao. Alikuwa anamfahamu mtoto, kwa sababu mtoto alikuwa akinipitia Kista baada ya shule. Nikamwambia, muulize mwenyewe. Nilijua atakataa, maana siku hizo alikataa kila kitu, hata kuchana nywele. Akakubali papo hapo, tena akicheka.

Mazoezi yalikuwa Jumamosi, saa ile ile ya kwaya yetu ya kanisani. Kwa hiyo mtoto niliyembeba mgongoni kwenye kwaya tangu ananyonya, sasa alikwenda kujifunza kuwa samaki wa watu. Kina mama wa kwaya, Wakongomani na Warundi wenzangu, waliniuliza yuko wapi, nikasema anaumwa. Niliwadanganya Jumamosi nne mfululizo.

Na magamba! Majira yote ya joto mwenzangu aliniomba nisitupe pakiti tupu za kahawa za kwenye majiko ya ofisi. Mimi kama bwege nikazikusanya, nikazisuuza, nikampa mafungu kwa mafungu, wala sikuuliza za nini. Ndani pakiti hizo zina rangi ya fedha. Siku binti aliporudi na vazi lake akalijaribu mbele ya kioo, niliitambua kazi yangu. Lilinukia kahawa kweli kweli, na harufu hiyo haikumsumbua hata kidogo.

Asubuhi ya tamasha niliwatoa dagaa kwenye friza. Sitajisafisha hapa: nilitaka anuke. Nilitaka aaibike mbele ya hao rafiki zake wapya, ukumbi mzima ushike pua, ndipo akumbuke yeye ni mtoto wa nani. Alikuwa ameshaondoka kwenda kuvaa. Nikawakaanga wakavu, na pilipili, sufuria nzima, nikajifunga kitenge changu kizuri na kuibeba kwa miguu mpaka ukumbini.

Kulikuwa na jodari wa maboksi, mrefu kuliko mtu, amebebwa begani na baba mmoja aliyejifanya kuelemewa. Kisha watoto wakaingia kwa mistari, binti yangu akiwa mbele. Aliinama, akageuka, akayatikisa yale magamba niliyoyasuuza mimi, na alikuwa mzuri mno. Hasira ikanizidi, kwa sababu kwenye kwaya alikuwa akisimama kama mtu aliyesusa.

Chakula kilipoandaliwa nilipenya hadi mezani. Nikaisogeza sahani ya jodari mbichi aliyelowekwa kwenye siki, nikatua sufuria yangu katikati na kuifunua. Harufu ikapanda, watu wakageuka. Nikakunja mikono kifuani, nikasubiri.

Wakapiga kelele za furaha. Wanawake wale waliikimbilia sufuria yangu wakinisukuma, wakaitana kutoka kila pembe ya ukumbi, kumbe kwao vidagaa vya kukausha ni chakula cha asubuhi na wana miaka hawajavipata vya kweli. Mwenzangu alinikumbatia, mimi nimekakamaa. Kisha akachota dagaa kwa vidole, akawachovya kwenye siki yenye kitunguu saumu, akamgeukia binti yangu aliyekuwa amesimama karibu, bado amevaa magamba yake, na kumlisha. Na mwanangu akafungua mdomo.

Akala, akaomba tena. "Gott!" alisema. Watamu!

Nilichukua mfuniko wangu nikaondoka, sufuria nikawaachia. Nililia njia nzima, na kilio chenyewe kilikuwa cha hasira, siwezi kukipa jina jingine.

Jumatatu mwenzangu aliniletea sufuria kazini, imesuguliwa safi, akauliza kama nina dagaa wengine. Nikamwambia wameisha. Nilikuwa na nusu mfuko.

Jumapili iliyofuata niliwapika hao waliobaki, kwa nyanya na vitunguu kama mama yangu, binti akiwa ndani. Nikamwekea na ugali, nikakaa mbele yake. Safari hii hakufunga jaketi lolote. Aliuliza kwa Kiswidi kama tuna siki.

"Siki hatuna," nikasema. "Sasa niambie. Mimi nimekupikia hawa tangu una meno mawili, ukanikimbia. Yule ni nani wako hata ule mkononi mwake?"

 Akanijibu kwa Kiswahili, polepole, akitafuta maneno.

"Yeye hakuwaficha, mama. Wewe ndiye ulikuwa unawatoa nje kwenye theluji."

Nikamwambia afunge mdomo, ale. Akakata tonge, akala bila siki. Kulikuwa na baridi pale mezani, akavuta mikono ya sweta yake mpaka kwenye vidole. Nikainuka kwenda kufunga madirisha. Nilikuwa nimeyafungua yote kabla sijawasha jiko.